Gunzi la Ambwene

Harufu ilimfikia Tusekile kabla hajaketi. Ilikuwa nyembamba, imejificha nyuma ya harufu ya kahawa na ya dawa ya kusafishia sakafu, lakini hakuweza kukosea. Zabibu kavu. Ngozi ya viatu vipya. Majani ya mgomba yaliyolaliwa na unyevu. Ndani ya Mnara, harufu hiyo ilikuwa kosa la jinai.

"Kaa, mwanangu," alisema Dk. Renalda Ngailo bila kuinua macho kutoka kwenye kioo cha kompyuta. "Waziri amethibitisha. Mnara wa pili tunaufungua kabla kiangazi hakijakolea. Nataka wewe usimame karibu nami siku hiyo."

"Nitasimama, Daktari."

"Umekula lakini? Unakonda."

Tusekile alisema amekula. Dk. Ngailo alikuwa hivyo: mwanamke mrefu, mtaratibu, aliyemfundisha kila chumba cha Mnara kimoja baada ya kingine, akamkabidhi usimamizi wa ukaushaji, na hakuacha kumuuliza kama amekula. Alimjua kwa jina la mume wake wa zamani, Chengula. Hakujua alizaliwa Mwasyoge.

Simu ya mlangoni ikalia. Mafundi wa jukwaa walikuwa wamefika. Dk. Ngailo akajifuta vidole kwa kitambaa na kutoka kuwapokea, na Tusekile akabaki peke yake na ile harufu.

Aliifuata mpaka kwenye kabati dogo la baridi lililokuwa nyuma ya kiti. Halikufungwa kwa ufunguo. Ndani, yamepangwa kama mahindi sokoni, yalikuwapo magunzi ya dawa iliyovundikwa. Kila moja lilikuwa limeviringishwa ndani ya maganda ya mahindi, limekazwa kwa kamba ya mgomba, limekuwa jeusi kwa uzee. Mengine bado yalikuwa na karatasi ya mahakama: KIELELEZO. Na kila fundo lilielekea kushoto, kwa sababu aliyeyafunga alikuwa mtu wa shoto.

Kaka yake. Ambwene.

Gunzi moja lilikuwa limefunguliwa upande. Limenyofolewa vipande vidogo vidogo, kwa uangalifu, kama mtu anayekula kitu asichotaka kiishe.

Tusekile alifunga kabati, akarudi kitini, na Dk. Ngailo aliporudi akamkuta ametulia, mikono juu ya mapaja.

*

Miaka ile joto lilipopanda mpaka migomba ya Rungwe ikababuka, watu walianza kuanguka. Waliuita mtikisiko. Mtu yuko shambani au yuko darasani, jua limewaka, mara taya linakaza, mgongo unapinda kama upinde, na asipopata dawa mwili unajivunja wenyewe. Kilichotuliza kilikuwa ua la bangi. Sheria za zamani zikafutwa, mashamba yakaruhusiwa, na kampuni ya Utulizo ikajenga Mnara wake juu ya Tukuyu.

Mnara ulikausha kwa baridi. Maua yaliingia mabichi asubuhi, yakagandishwa, hewa ikavutwa mpaka chumba kikabaki kitupu, na barafu iliyo ndani ya ua ikageuka mvuke bila kupita kwenye maji. Jioni yalitoka yakichakarika, kijani kibichi, utadhani yamechumwa muda huo huo. Hakuna ukungu wala kijidudu kilichoweza kuota humo. Lakini dawa yake ilikuwa na tabia moja: ilishika mishipa ya fahamu kwa muda mfupi, kisha ikateleza. Mgonjwa aliihitaji kila siku. Akikosa, mtikisiko ulirudi na hasira zaidi.

Ambwene hakukausha. Alivundika, kama mama yao alivyovundika. Maua yalinyauka kwanza kivulini, yakashindiliwa ndani ya maganda ya mahindi, yakazikwa kwenye rundo la majani na samadi lililokuwa na joto lake lenyewe. Humo yalitoka jasho. Chachu iliyoishi kwenye maganda ilikula sukari, ukijani ukafa, harufu ya nyasi ikaondoka. Tusekile, aliyesomea vijidudu mpaka shahada ya juu kabisa, ndiye aliyegundua kwamba chachu hiyo ilifanya kazi nyingine pia: iliibandikia dawa kipande kidogo kama mkia, na kwa mkia huo dawa ilijinasa kwenye mshipa, haikuteleza tena. Mtu wa gunzi alikula mara moja na kukaa wiki nzima bila kuanguka.

Tusekile alikuwa bado anajiandaa kuutangaza utafiti wake wakati mtoto mmoja aliyetumia gunzi alipofariki huko Lusungo. Dk. Ngailo alisimama mahakamani na kusema amekuta sumu ya ukungu ndani ya magunzi ya Ambwene Mwasyoge. Uvundikaji ukapigwa marufuku. Askari wakayamwagia chokaa marundo yote ya wilaya mpaka chachu ikafa. Ambwene, ambaye mwenyewe alikuwa na mtikisiko, alifungwa gerezani na kupewa dawa ya Mnara pale ilipopatikana. Siku moja ya jua kali haikupatikana.

Ukungu uliotajwa mahakamani hauwezi kuishi ndani ya gunzi. Chachu huunyima hewa na kuuchoma kwa asidi. Tusekile alilijua hilo tangu siku ya hukumu; kuna mtu aliuotesha kwenye kisahani cha maabara na kuupaka pale. Ndiyo maana aliomba kazi Utulizo. Na sasa alikuwa ameona kwa macho yake: yule aliyeapa kwamba magunzi ni sumu alikuwa akiyala.

*

"Lete moja," alisema Lugano. "Moja tu. Lenye karatasi ya mahakama."

Lugano alikuwa mjane wa Ambwene. Alikuwa amesimama katikati ya migomba yake na panga mkononi, amesahau alichotaka kukata. Jua la saa nne lilipenya majani na kumchora mistari usoni.

"Nikileta moja watasema nimeiba, wifi," alijibu Tusekile. "Watasema nimelitengeneza mwenyewe. Mahakama ni ile ile."

"Basi tumfuate. Mbele za watu. Nimuulize, naye anijibu. Mimi sitaki afungwe, wala sitaki afe. Nataka afungue kinywa aseme, 'Mume wako hakuua mtoto wa mtu.' Unajua mwanangu Atupele wanamwitaje shuleni?"

"Najua."

"Hujui. Wewe unaishi mjini na jina la watu wengine."

Neno lile lilimwingia Tusekile, lakini halikumgeuza. Alitoa mfukoni kipande kidogo cha gunzi alichokwisha kukichukua, akamwekea Lugano kiganjani. Lugano alikinusa, akaketi chini kwenye majani makavu. Alilia bila sauti, kipande kimebanwa kwenye pua.

"Chachu iko hai humu," alisema Tusekile. "Baridi imeilaza tu, haikuiua. Kipande hiki kinaweza kuanzisha rundo jipya. Yaliyobaki nitayatoa moja moja. Lakini kabatini lazima pabaki kitu. Nahitaji magunzi ya kufanana nayo, na fundo la Ambwene wewe ndiye unayelijua."

"Ndani utaweka nini?"

"Maua ya Mnara. Nitayapika kwa majani ya chai na moto mdogo, yawe ya kahawia. Nitayapaka mafuta ya yale ya kweli, yanukie."

Lugano alikishusha kile kipande kutoka puani.

"Anayatumia kwa sababu anaumwa," alisema. "Ukimwekea ya uongo?"

"Atatetemeka kidogo. Ataogopa. Mtu akiogopa anasema."

"Hivyo ndivyo alivyokufa mume wangu, Tusekile. Kwa kukosa."

"Najua alivyokufa."

"Niapie hafi."

"Nitakuwa na la kweli kwenye mkoba," alisema Tusekile. "Nitakuwa hapo hapo."

Lugano alifunga mafundo. Aliyafunga kwa kushoto, akifumba macho, maana mikono yake ilikumbuka vizuri zaidi asipotazama.

*

Kubadilisha kulikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Dk. Ngailo alimwamini. Tusekile aliingia na faili za hali ya hewa, akatoka na magunzi chini ya faili, mpaka kabati lote likawa na ya Lugano, na rundo lililokuwa chini ya migomba likaanza kutoa mvuke.

Kisha alingoja.

Ilianzia kwenye kidole. Dk. Ngailo alikuwa akionyesha jambo kwenye kioo, na kidole kikachora duara ambalo hakukusudia. Akakificha ndani ya ngumi. Baada ya hapo ilikuwa kikombe, kilichogonga sahani mara nyingi sana. Halafu akaanza kuagiza vyumba vyote vipozwe kupita kiasi, wafanyakazi wakavaa masweta na kunong'ona. Tusekile alivaa la kwake na kutazama. Kila asubuhi aliingia kazini na hamu ambayo hakuwahi kuwa nayo katika maisha yake, akitafuta usoni mwa mwanamke yule dalili mpya, akiipata, akiihifadhi. Alilala vizuri. Alinenepa kidogo.

"Leo umependeza," Dk. Ngailo alimwambia, na meno yake yalikuwa yamebana. "Umekula, naona."

Zilipokaribia sherehe alimwita ofisini, akafunga mlango mwenyewe. Alikuwa amechoka, macho yameingia ndani.

"Tusekile, kuna dawa fulani. Ikizeeka sana inaweza kufa yenyewe? Hata ikiwa kwenye baridi?"

"Dawa gani, Daktari?"

"Yoyote."

"Kila kitu kinakufa."

Dk. Ngailo alitikisa kichwa kwa kukubali. Akatazama mikono yake iliyolala juu ya meza kama mikono ya mtu mwingine. "Sherehe ikiisha nitakueleza jambo. Nimelibeba miaka mingi, na nadhani wewe ndiwe unayestahili kulisikia. Sijui kwa nini nadhani hivyo. Tungoje Mnara ufunguliwe kwanza."

Kwa muda mfupi Tusekile aliona wazi kabisa kile alichoweza kufanya: kufungua mkoba, kutoa gunzi, kuliweka mezani na kusema, nieleze sasa. Mlango ulikuwa umefungwa. Walikuwa wawili tu.

Lakini hicho kisingekuwa kitu. Mwanamke amekaa kwenye kiti laini, anasema polepole, anasamehewa polepole. Ambwene alianguka juu ya sementi, mbele ya askari waliodhani anaigiza.

"Tungoje, Daktari," alisema.

*

Siku ya sherehe jua lilitoka likiwa tayari kali. Viti vilipangwa mbele ya Mnara wa pili uliong'aa mpaka watu wakakinga macho. Waziri alikuwepo, wapiga picha walikuwepo, na nyuma ya kamba walisimama wagonjwa na ndugu zao, kila mmoja na kichupa cha dawa ya Utulizo shingoni. Lugano alikuwa miongoni mwao. Tusekile alimwona, akageuza uso.

Dk. Ngailo alipanda jukwaani kwa hatua za kupima. Sauti yake ilianza vizuri.

"Wazee wetu walivundika dawa kama wanavyovundika ndizi," alisema. "Hatuwalaumu, hawakuwa na njia nyingine. Lakini kinachooza hakiwezi kuponya. Mnara huu hautaacha kitu kinachooza. Mnara huu..."

Alirudia neno hilo. Kisha akalirudia tena, na watu wakafikiri ni mbwembwe za hotuba. Taya likakaza. Kipaza sauti kilianguka kabla yake.

Wauguzi walimkimbilia na vichupa. Walimpulizia puani, wakampulizia mdomoni, wakarudia. Dawa ya Mnara iliingia na kuteleza. Mwili uliozoea kushikwa na gunzi haukuweza kushikwa na kitu kinachopita tu. Mgongo wake ulipinda, visigino vikagonga mbao za jukwaa, na mlio huo ulisikika mpaka nyuma ya kamba.

Tusekile alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkoba, vidole vimeshika gunzi.

Alisimama.

Alisema moyoni, bado. Aliyaona macho ya Dk. Ngailo yakizunguka, yakamtafuta, yakamkuta. Yalimjua. Aliona hofu ikiingia ndani ya macho yale na akaitazama jinsi mtu mwenye kiu anavyotazama maji yakimiminwa. Muuguzi mmoja alipiga kelele kwamba hakuna kinachosaidia. Waziri alikuwa ameshaondolewa. Bado. Ambwene aliachwa bila msaada mpaka mwisho. Huyu alikuwa hajaachwa hata nusu ya hapo. Povu jekundu lilitoka pembeni mwa mdomo. Bado.

Ndipo akasikia sauti ya Lugano ikipasua umati: "Tusekile! Uliniapia!"

Akashtuka kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Akapiga magoti, akakata kamba kwa meno, akasokota kipande cha gunzi kati ya vidole mpaka kikatoa mafuta, akakisugua ndani ya shavu la Dk. Ngailo na chini ya ulimi. Harufu ilitapakaa jukwaani. Wazee waliokuwa nyuma ya kamba waliinua vichwa.

"Ni gunzi hilo!" mmoja alisema kwa mshangao.

"Ni gunzi," Tusekile alijibu kwa sauti kubwa, na kamera zote zilimgeukia. "Amelivundika Ambwene Mwasyoge. Mama huyu alisema ni sumu, akalificha kabatini, akawa analila yeye. Tazameni."

Wakatazama. Visigino vilipunguza kugonga. Mgongo ulishuka taratibu mpaka ukagusa mbao. Taya liliachia. Dk. Ngailo alivuta pumzi ndefu, akalala akiwa mzima mbele ya Mnara wake mpya, na watu nyuma ya kamba wakaanza kupiga kelele, wengine kwa furaha, wengine kwa hasira, wakiiangusha kamba.

*

Mambo yalienda haraka baada ya hapo. Picha zile zilizunguka nchi nzima. Marufuku ya uvundikaji iliondolewa kabla kiangazi hakijaisha, maana wagonjwa walikuwa wameacha kuomba, walikuwa wanadai. Mnara wa pili haukuwashwa. Rundo la Lugano lilizaa marundo mengine, na chachu ya Ambwene ikagawanywa Rungwe yote, maganda kwa maganda, jirani kwa jirani.

Lakini Dk. Ngailo hakuzungumza tena.

Mtikisiko ulimshika muda mrefu mno, walisema madaktari. Sehemu ya ubongo inayounda maneno ilikosa hewa. Aliona, alisikia, alielewa. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa na wa kushoto haukuweza kuandika. Kesi ilipofunguliwa upya, mawakili wa Utulizo walisema kwamba kutumia magunzi kulionyesha tu kuwa alikuwa mgonjwa aliyekata tamaa. Nani alipaka ukungu? Nani aliona? Aliyejua alikuwa mmoja, naye alikaa kwenye kiti cha magurudumu mbele ya hakimu akitokwa na mate. Hukumu ya Ambwene ikabaki ilivyokuwa. Uvundikaji ulisafishwa. Yeye hakusafishwa.

Siku ya uamuzi Lugano alirudi shambani bila kumngoja wifi yake. Tusekile alimkuta akifukua rundo, mvuke ukimpanda usoni.

"Dawa imerudi," alisema Tusekile. "Kampuni imeanguka. Wifi, imeanguka."

"Ulisimama," alisema Lugano.

"Nini?"

"Nilikuwa nakuona. Mkono uko kwenye mkoba, umesimama. Nilidhani unalitafuta, nikasema labda limekwama. Kisha nikauona uso wako." Aliweka jembe chini. "Wewe ulitaka aanguke. Mimi nilitaka aongee. Tulikuwa na nafasi moja, ukaitumia yote kwa la kwako."

Kilichomjia Tusekile kilikuwa sauti ya Dk. Ngailo ikisema sherehe ikiisha nitakueleza jambo, na hilo hakumwambia Lugano, si siku ile wala nyingine.

"Chukua hili," alisema Lugano, akampa gunzi jipya, bado la moto. "Mpelekee. Mimi sitaki mtu mwingine afe kwa kukosa dawa. Hata yeye."

Dk. Ngailo aliishi sasa kwa mdogo wake, Fortunata, kwenye nyumba yenye dirisha kubwa lililoelekea mlimani. Tusekile alivuta kiti, akakaa mbele yake, akafungua gunzi. Dk. Ngailo aliitazama ile kamba ikifunguka. Kisha akainua macho, na mdomo wake ukaanza kufanya kazi.

"Am," alisema. "Am. Am."

Tusekile aliacha kila kitu. Aliinama mpaka nyuso zao zikakaribia kugusana. "Endelea," alinong'ona. "Daktari, endelea. Mimi ni dada yake. Sema."

"Am. Am." Shingo ilikaza kwa juhudi, machozi yakamtoka. "Am."

"Ambwene? Unasema Ambwene?"

Fortunata alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye khanga.

"Usihangaike, dada," alisema kwa upole. "Huwa anafanya hivyo kila akiona chakula. Mpe tu."

Tusekile alirudi nyuma, akaketi wima. Kisha akanyofoa kipande, akakisokota mpaka kikatoa mafuta, akamlisha.